Soko la pamoja lipo, lakini spea ya gari bado inalipa ushuru mara mbili

Mwezi uliopita shokapu ya mbele kulia ya gari langu ilianza kuvuja mafuta. Gari lenyewe ni Corolla ya mwaka 2004, iliyoletwa kutoka Ulaya, usukani wake uko kushoto kama inavyotakiwa hapa Rwanda. Fundi wangu wa Gatsata aliliinua kwa jeki, akaligonga gurudumu kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Bosi, hapa Kigali zipo," akaniambia, "ila ukipata mtu wa kukuletea kutoka Kampala utalipa pungufu."

Nilimpata mtu huyo. Alinunua shokapu mbili katika soko la Kisekka, akazifunga kwenye mfuko, akapanda basi la usiku. Mpakani Gatuna alizionyesha kama sheria inavyotaka, akakadiriwa, akalipa. Nilipopiga hesabu ya mwisho, faida niliyokuwa nimeitarajia ilikuwa imekwisha. Nilibaki na nauli ya basi na usumbufu wa siku mbili bila gari.

Swali likanibaki. Shokapu zile zilishalipiwa ushuru zilipoingia Uganda. Uganda na Rwanda ni wanachama wa umoja mmoja wa forodha. Kwa nini zililipiwa tena?

Jibu halina siri, ingawa watu wengi wanaovuka mipaka yetu hawalijui. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi mwaka 2005 kwa Kenya, Uganda na Tanzania, na Rwanda pamoja na Burundi zikaingia mwaka 2009. Mwaka uliofuata, Julai 2010, likaja Soko la Pamoja. Tangu hapo bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya inavuka mpaka bila ushuru wa forodha, mradi iwe na cheti cha kuonyesha asili yake. Mfanyabiashara mdogo amerahisishiwa zaidi: mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupewa cheti rahisi hapo hapo mpakani. Mama anayeleta maharage au katoni za sabuni ya Uganda anakijua cheti hicho vizuri.

Shokapu hainufaiki na cheti hicho. Imetengenezwa Japani, au China, au Thailand. Hata kama imekaa rafu ya duka la Kampala miaka miwili na imelipiwa kila kodi ya Uganda, ikifika Gatuna inahesabiwa kuwa bidhaa ya kigeni inayoingia Rwanda kwa mara ya kwanza. Kila nchi bado inakusanya ushuru wake kwa kile kitakachotumiwa ndani ya mipaka yake, na mfumo wa kugawana mapato ya forodha kati ya wanachama, ambao ungeruhusu bidhaa ilipiwe mara moja kisha izunguke kokote, haujakamilika.

Tufanye hesabu ya mfano. Spea ina thamani ya dola 100 ikifika Mombasa. Ushuru wa forodha wa pamoja una ngazi nne tangu Julai 2022: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Tuseme spea yetu iko kwenye ngazi ya asilimia 10. Inakuwa dola 110. Ongeza VAT ya Uganda, asilimia 18, inafika karibu dola 130. Mwenye duka la Kampala naye lazima ale, anauza dola 150. Ikivuka kuja Rwanda inatozwa asilimia 10 juu ya 150, inakuwa 165, kisha VAT ya Rwanda, nayo asilimia 18, inaisukuma mpaka karibu dola 195. Hapo muuzaji wa Kigali hajapata hata faranga moja ya faida, na ada ndogo ndogo za mpakani sikuziweka. Spea ileile ingekuja moja kwa moja kutoka bandarini hadi Kigali ingelipiwa dola 130 tu kabla ya usafiri na faida.

Atakayesema kuwa VAT ya Uganda inaweza kuondolewa kwa bidhaa inayouzwa nje ana haki, kwa karatasi. Lakini anayestahili ni mfanyabiashara aliyesajiliwa, mwenye ankara kamili na hati za forodha. Kijana mwenye mfuko wa shokapu kwenye basi la usiku hana vitu hivyo, na duka alilonunulia halitajisumbua kwa ajili ya mteja wa vipande viwili.

Hapa ndipo suala linapokuwa la haki na si la bei peke yake. Mwingizaji mkubwa hana tatizo. Anajaza kontena zima, analipeleka Kigali kutoka Mombasa au Dar es Salaam chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, analipa ushuru wa Rwanda mara moja, basi. Anayelipa mara mbili ni yule asiyeweza kujaza kontena: mwenye duka la Musanze au Huye anayetaka pedi za breki seti 20, fundi anayetaka rejeta moja, mimi na shokapu zangu. Utaratibu uliowekwa kwa nia njema unamwadhibu mdogo kwa sababu ya udogo wake.

Na mdogo ana njia yake. Spea husafiri chini ya viti vya mabasi, ndani ya matairi ya akiba, kwenye mabuti ya magari ya watu wanaokwenda harusini. Simlaumu kila anayefanya hivyo, ingawa ni magendo na ni kosa. Ninachosema ni kwamba kitu kilichoingia namna hiyo hakina risiti. Kikiharibika wiki ya pili huna pa kukirudisha. Kikiwa cha wizi, huna njia ya kujua. Miji yetu yote mikubwa ina wimbi la wizi wa vioo vya pembeni na taa za magari, na bidhaa hiyo inatafuta mji wa mbali ambako mwenyewe hataiona. Mpaka unaomlazimisha mnunuzi mwaminifu kujificha unamfungulia mlango mwizi pia.

Tatizo la ushuru lingekuwa dogo kama magari yetu yangefanana. Hayafanani, na chanzo ni cha zamani. Kati ya wanachama wanane wa Jumuiya ya leo, watatu wanaendesha upande wa kushoto wa barabara: Kenya, Uganda na Tanzania, waliorithi desturi ya Waingereza. Watano wanaendesha kulia: Rwanda, Burundi na Kongo waliokuwa chini ya Wabelgiji, Somalia, na Sudan Kusini iliyorithi mabadiliko ambayo Sudan nzima ilifanya mwaka 1973. Rwanda iliwahi kufikiria kuhamia kushoto ili ifanane na majirani. Jambo hilo likakaa hapo.

Japani nayo inaendesha kushoto. Ndiyo maana Kenya, Uganda na Tanzania zimejaa magari ya mtumba ya Japani. Nchi ile inalitaka gari jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo ni wa gharama, kwa hiyo wenyewe huona nafuu kuliuza gari likiwa bado zima. Pamoja na magari huja injini, gia boksi, milango na nusu nzima za mbele zilizokatwa. Huo ndio utajiri wa Kisekka, wa Kirinyaga Road jijini Nairobi na wa Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam. Sisi wa usukani wa kushoto magari yetu yametoka Ulaya, Ghuba au Korea, na tunakwenda kutafuta spea kwenye masoko yaliyojengwa kwa ajili ya magari mengine.

Mara nyingi inawezekana. Shokapu, pedi za breki, beringi za magurudumu, plagi, vichujio vya oili, pampu ya maji: vitu hivi havijali usukani uko upande gani. Vinavyojali ni raki ya usukani, dashibodi, mfumo wa waipa na taa za mbele. Taa ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu inaingia vizuri kabisa kwenye nafasi yake. Lakini taa iliyotengenezwa kwa barabara ya Japani inamulika zaidi ukingo wa kushoto. Ukiifunga kwenye gari linaloendesha kulia, mwanga wake unaelekea macho ya anayekuja mbele yako. Hilo ukaguzi wa magari wa polisi hapa Kigali unaliona, na dereva wa lori anayepanda mlima usiku analiona kabla yao.

Kuna mtego mwingine ambao ulinigharimu miaka michache iliyopita. Jina la gari halitoshi. Corolla ya miaka ile iliyouzwa Japani mara nyingi ina injini ya lita 1.5 iitwayo 1NZ, ndugu wa ile iliyo kwenye Probox, Vitz kubwa na Premio ya 1.5. Spea zake zimejaa kila kona ya Afrika Mashariki na bei yake ni ya ushindani. Corolla iliyouzwa Ulaya mara nyingi ina injini ya 3ZZ ya lita 1.6. Kwa nje ni gari lilelile. Ukifungua boneti, ni ukoo mwingine. Niliwahi kuletewa pampu ya maji kutoka Kampala ambayo haikukaa, na muuzaji hakuwa na kosa: nilimwambia "ya Corolla", akanipa ya Corolla.

Tangu siku hiyo sinunui kwa jina. Naandika namba ya chesisi, na nikiweza napata namba ya spea yenyewe. Kwa Toyota, ambayo ndiyo mfalme wa barabara zetu, namba hiyo ina sehemu mbili za herufi tano tano zilizotenganishwa na kistari. Sehemu ya kwanza inakutajia aina ya kitu: 04465 ni pedi za breki za mbele, 04466 ni za nyuma, 48510 ni shokapu ya mbele kulia na 48520 ya mbele kushoto. Sehemu ya pili inakutajia ni ya gari lipi. Mwenye duka wa Gerezani na mwenye duka wa Gatsata wakitajiwa namba hiyo wanaelewana bila mkalimani. Kwa kweli ni lugha ya pamoja ya Afrika Mashariki kuliko nyingi tunazozihubiri.

Sheria za umri wa magari nazo zinavuruga mambo. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, inakataa gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Tanzania hailikatai gari kuukuu bali inalitoza ushuru wa ziada kwa uzee wake. Kila moja ina sababu zake, na hewa ya Nairobi au Kampala saa ya jioni ni sababu tosha. Lakini matokeo kwa soko la spea ni kwamba kila mji unaweka akiba ya kizazi chake cha magari. Mtu wa Kigali mwenye gari la miaka 20 hasaidiki sana na duka linalohudumia magari mapya ya Kenya. Atakwenda Kampala au Dar es Salaam, na atavuka mpaka.

Siku hizi husikika sauti kwamba dawa ni kupiga marufuku spea za mtumba kabisa. Nadhani hilo ni kosa. Mlango, kioo cha pembeni, gia boksi au injini iliyotolewa kwenye gari la Japani lililotembea kidogo mara nyingi ni bora kuliko kipya cha bei ya kutupa kisichojulikana kilikotoka. Kinachopaswa kukataliwa kinajulikana na mafundi wote: pedi za breki zilizotumika, mipira ya breki, mkanda wa taiming, sili za mpira na tairi kuukuu. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Katika mji wa milima kama Kigali, ambako unashuka Nyabugogo na mguu uko juu ya breki, kuokoa pesa kwenye pedi ni kuweka maisha ya watu rehani. Katazo la jumla litaviondoa sokoni vile vizuri, na vile vibaya vitaendelea kuingia gizani.

Feki ni balaa kubwa kuliko mtumba, na hapa nchi zetu zingeweza kushirikiana bila kusubiri mkataba wowote mpya. Boksi lenye jina la kampuni kubwa ya Japani linachapishwa kirahisi. Shirika la viwango la nchi moja likilinasa shehena ya pedi feki, taarifa hiyo ingefaa ifike mpaka wa pili siku hiyo hiyo, maana mzigo uliokataliwa mahali pamoja hujaribiwa mahali pengine.

Wapo wanaosema tutengeneze wenyewe. Tunaanza. Nairobi na Kampala zina viwanda vya betri za magari, Kenya inatengeneza springi za malori, na Kigali ina karakana ya kuunganisha magari ya Volkswagen tangu 2018. Betri ya Nairobi ikiwa na cheti chake inavuka mpaka bila ushuru wa forodha, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini pedi, shokapu na beringi za mamilioni ya Toyota zilizopo barabarani hazitatengenezwa hapa kesho wala keshokutwa. Sera ya leo lazima imfikirie mwenye gari wa leo.

Mipaka yenyewe si ya kutegemewa pia. Gatuna ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022, na kwa muda wote huo njia fupi ya Kampala ilikuwa haipo. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Mwenye Probox wa Bujumbura, na Probox pale ni nyingi mno, nyingi zikiwa na usukani wa kulia katika nchi inayoendesha kulia, anabaki kutegemea zaidi njia ya Tanzania. Soko lenye mlango mmoja halina ushindani, na anayelipia ni mwenye teksi.

Nini kifanyike? Jambo la kwanza ni jepesi kuliko yanavyosikika mambo ya Jumuiya: risiti ya forodha ya nchi moja mwanachama ikubaliwe katika nyingine kwa mzigo mdogo. Kama dola 2,000 inatosha kwa maharage na sabuni, itoshe pia kwa spea iliyokwisha kulipiwa, na mvukaji alipe VAT ya nchi aendako peke yake. Hazina zitapoteza kidogo, sikatai. Lakini kiasi gani kinapatikana leo kutoka kwenye mifuko inayopita chini ya viti? Anayevuka kwa uwazi analipa VAT. Anayejificha halipi chochote.

La pili ni umri wa magari. Nchi nane haziwezi kuwa na umri mmoja mara moja, kwa sababu mfuko wa Mkenya si mfuko wa Mrundi. Zinaweza hata hivyo kukubaliana kwamba kila mabadiliko yatangazwe miaka miwili mbele, ili wenye maduka wajue waagize spea za magari gani. Mabadiliko ya ghafla huacha stoo zimejaa vitu visivyo na wateja, na hasara hiyo inarudi kwenye bei ya vitu vingine.

Kila Juni mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda husoma bajeti zao, mara nyingi siku moja, na kabla ya hapo hukutana kupanga viwango vya ushuru wa pamoja. Magazeti hujaa habari za bei ya petroli na bia. Mwaka huu nitatafuta mstari mmoja tu katika hotuba hizo, unaohusu bidhaa iliyokwisha kulipiwa ushuru katika nchi jirani. Miaka iliyopita sikuuona.

Shokapu zangu zimekaa vizuri, tuta la barabarani halinitishi tena. Fundi sasa ananiambia taa ya mbele kushoto imepauka na ukaguzi hautaipitisha. Kampala ziko tele, zote za Japani. Mwenye duka mmoja wa hapa Kigali amenishauri nisubiri kontena la Dubai.